Nyumba Isiyopitisha Upepo

Mwaka huu Emilian wa Kwihara aliitengeneza nyumba yake, na kichwa kikavimba. Aliuziba kwa udongo ule mwanya wote kati ya ukuta na bati, akapiga dari, madirisha akayabana. Baridi ya Juni ikapiga hodi, ikarudi ilikotoka. Hata mkaa wa kuota jioni hawakununua tena. Majirani walikuja kushangaa, na haki yao.

Sasa mkulima wa tumbaku umpe chumba chenye joto, halafu umwambie asiweke tumbaku? Thubutu! Bandani jani hukauka na kupukutika likisubiri soko. Humu ndani, bila upepo, lilibaki laini. Emilian akayapanga marobota chumbani kwa mwanawe Shukrani mpaka yakagusa dari, kitanda cha mtoto akakisukumia pembeni.

Shukrani alikuwa na miaka sita, na pumu. Kifua kikaanza kulia kila usiku. Mama yake, Pelagia, alimpeleka zahanati, wakapewa dawa, wakarudi, kifua kikalia vilevile. Ikatokea wakaenda msibani Sikonge, wakalala kwenye nyumba ya nyasi inayopitisha upepo kila upande. Mtoto alilala kimya hadi asubuhi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Waliporudi, Pelagia alingoja mumewe aende mjini. Akayatoa marobota yote, akiyaburuta moja moja mpaka bandani, kiuno kikilia. Kisha akapanda juu ya meza na jembe, akatoboa ukuta chini ya dari, upande huu na upande ule.

Emilian alikuta udongo umemwagika sakafuni.

"Mama Shukrani, unabomoa nyumba? Na tumbaku ile itapukutika yote."

"Ikipukutika tutapanda nyingine, Baba Shukrani. Huyu akikatika pumzi, tutampanda shamba gani?"

Emilian alichukia, tena sana; ugali wa jioni hakuugusa. Lakini marobota hakuyarudisha.

Alfajiri alishtuka usingizini. Nyumba ilikuwa kimya. Masikio yake yalikuwa yameshazoea kulala na kile kifua kinacholia, na sasa hakikusikika. Akakimbilia chumbani kwa mtoto, akaweka kiganja kifuani pake.

Kikapanda, kikashuka, taratibu, bila sauti.

Emilian akakaa sakafuni kwenye baridi iliyokuwa ikiingia kwa yale matundu, na kiganja hakukiondoa mpaka kulipopambazuka.