Prosesa ya Wariara

Wariara alikuwa karani katika shamba la maua Ndabibi, na kila Ijumaa alirudi kwao Lanet, Nakuru, kwa mama yake na mdogo wake Kihara. Huko ndiko kompyuta ya kuchezea gemu ilikokuwa. Baba yao aliwanunulia wote wawili mwaka mmoja kabla hajafa, na bado ilikuwa na nguvu, isipokuwa prosesa, ubongo wake. Wariara akiingia vitani penye watu wengi picha zilikwamakwama, na zikija kuachilia, yeye ashauawa.

Alitumia miezi kadhaa kutafuta dawa yake. Alisoma, akauliza watu mtandaoni, akatazama video hadi macho yakamuuma. Angeweza kuhamia prosesa za kizazi kipya, lakini hizo zilidai na memori mpya juu yake. Akaamua abaki na soketi ya zamani, tundu la kuchomekea prosesa, achukue prosesa bora kabisa inayoingia humo, memori aliyo nayo iendelee kufanya kazi. Ila motherboard, bodi kuu inayobeba hivyo vyote, lazima ingebadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa hafifu, sehemu yake ya kupitishia umeme haina hata kipande cha chuma cha kuipoza, na kwa prosesa kubwa ingechemka.

Mshahara wake ulipotosha, akaenda dukani mjini pamoja na Kihara.

"Boss, nikusaidie na nini?" Levis, kijana wa duka, akamuuliza Kihara.

Wariara ndiye aliyejibu. Akataja prosesa anayoitaka na aina ya motherboard. Levis akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Kihara tena na kumwekea boksi mbele yake.

"Chukua hii motherboard, boss. Wasee wote wa gaming wanabeba hii. Iko na taa kali."

"Hiyo ni noma," Kihara akasema, akiipapasa.

"Taa zitatusaidia na nini?" Wariara akauliza. "Nipe ile ya huko chini, iko na vyuma vya kupoza."

Levis akacheka. "Boss, sistako ako na msimamo."

Wariara akalipa. Levis akafunga vitu vizuri, akampa Kihara mfuko.

Alasiri hiyo walifungua kompyuta kwenye meza ya sebuleni, Kihara akimshikia tochi ya simu, Mum akilalamika kwamba wageni wa kanisa watakuta skrubu kila mahali. Ilipowaka na gemu likafunguka, picha zilitiririka kama maji. Wariara alipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia dirishani. Kihara alimkumbatia. Hilo lilikuwa la kweli, na baadaye ndilo lililomuuma zaidi.

Mwezi wa pili baada ya hapo alifika nyumbani akakuta meza tupu.

"Kihara amepata kazi Gilgil, kwa hiyo amehama," Mum akasema, bila kuacha kumenya viazi. "Amebeba kompyuta yake."

"Yake? Mum, ni mimi nilinunua prosesa. Na motherboard."

"Na ni nani huitumia kila siku? Wewe uko Ndabibi. Na kesho ukiolewa, utaenda nayo kwa watu?"

Wariara aliweka mkoba chini. Aliingia chumbani, akampigia Kihara. Simu haikushikwa. Akafungua ukurasa wa Kihara, akamkuta anacheza moja kwa moja mtandaoni, watu wanamtazama. Mmoja alikuwa amemuuliza kuhusu mashine yake.

"Guys, mimi nilikaa chini nikafikiria sana," Kihara alikuwa akisema. "Nikaona nibaki na soketi ya zamani, niokoe memori. Mtu wa duka alitaka kuniuzia taa, nikakataa."

Asubuhi yake Wariara alienda Gilgil na bisibisi ndani ya mkoba. Kihara alifungua mlango akiwa amejifunga shuka, uso bado una usingizi.

"Sis! Ungesema unakuja."

"Nilipiga, hukushika. Nimekuja kuchukua vyangu. Kasha na kadi ya picha ni za baba, baki nazo."

"Sasa ukitoa hizo, mimi nibaki na nini? Na wewe utaziweka wapi?"

"Hiyo ni shida yangu."

"Kumbe uko na roho mbaya hivi? Juu ya computer?"

Wariara akachomoa nyaya, akafungua kasha. Alijua vizuri cha kufanya. Mashine iliyolala baridi huwashwa kwanza, ule mlenda wa kupitishia joto ulio kati ya feni na prosesa upate moto na kulainika, halafu feni huzungushwa polepole hadi iachie. Alijua. Lakini Kihara alikuwa amesimama nyuma yake akimpigia Mum, na sauti ya Mum ikasikika kwenye spika: "Mwambie awache! Mwambie mimi ndio nimesema!"

Wariara akaivuta feni kwa nguvu.

Ikatoka na prosesa imeng'ang'ania chini yake, imeng'olewa kwenye soketi. Miguu yake midogo ya dhahabu ilikuwa imelala upande mmoja, na mmoja ulikuwa umekatika kabisa.

Kihara aliinama akatazama. Wariara alingoja acheke au atukane. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Umefurahi sasa?" akauliza kwa sauti ya chini, kisha akaingia bafuni na kujifungia.

Wariara alibeba vipande vyake hadi Ndabibi, vikiwa vimefungwa kwa sweta. Fundi wa Naivasha alimulika prosesa, akatikisa kichwa.

Ijumaa iliyofuata alibaki kwenye chumba chake cha kupanga. Mum alipiga mara moja, jioni, na Wariara akashika haraka kuliko alivyotaka.

"Kihara anasema hana kitu ya kutumia," Mum akasema. "Utamnunulia ingine lini?"