Miti Iliyopakwa Rangi

Umeona. Usiniambie hukuona. Umepita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, magunia ya mkaa yamepangwa kando, ukageuza shingo upande wa pili. Au ulisimama, ukanunua mawili, ukageuza shingo baada ya hapo. Miaka ile ya kambi tulisema wakimbizi ndio wanaomaliza kuni. Nawakumbuka waliosema, nakumbuka hata walikokaa mkutanoni. Wakimbizi wengi walirudi kwao. Mashoka yalibaki.

Lakini leo sina haja ya kugomba tu. Kuna jambo limenikosesha raha miaka kumi, na sasa nimelijua.

Msitu wetu wa Rusengo hupimwa kila baada ya miaka mitano. Mara mbili mfululizo taarifa imesomwa kijijini: miti imenenepa, msitu una afya. Miaka hiyohiyo, kisima cha dada yangu Pelagia, kinachotoka chini ya msitu huohuo, kimekuwa kikikauka mapema zaidi. Zamani kilivuka kiangazi chote. Mwaka jana kilikauka Agosti, na mvua za Septemba zikaja Novemba, zikashuka kwa fujo na kuondoka na udongo.

"Hiyo miti inanenepa kwa kunywa maji yangu," Pelagia alisema mkutanoni. Watu wakacheka. Mimi nilitaka kujua: msitu unanenepaje huko juu, na maji yanakauka huku chini?

Mwezi huu wapimaji wamerudi. Safari hii wilaya ina uwezo wa kuweka doria na kuotesha miti upya katika msitu mmoja tu, ule ulioharibika zaidi. Rusengo ukionekana mzima, tunaachwa, na Pelagia atafuata maji bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda na zaidi kurudi, na mgongo ule alionao. Nikaomba kufuatana nao.

Afisa misitu anaitwa Lusajo, mtu wa Tukuyu, mpole, na ndiye aliyepima mara iliyopita. Aliyetuongoza ni Kipriani, mlinzi wa msitu wa kijiji, mume wa Pelagia.

"Shemeji, leo umekuja kupima au kugomba?"

"Kuuliza."

"Haya, ndiko kugomba kwako huko."

Kipriani hakuhangaika na njia. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya miti mirefu ya mitundu, mahali penye ubaridi. Lusajo akavuta kamba mita kumi na tano kutoka katikati, akazunguka nayo duara, lilelile la kila mara, ambalo miti yake huhesabiwa kwa niaba ya msitu wote, kisha akaanza kuzungushia kila shina utepe wa kupimia. Miti ilikuwa minene kweli. Na kila mmoja ulikuwa na mkanda wa rangi nyekundu.

"Rangi kapaka nani?" nikauliza.

"Mimi," Kipriani akajibu, kifua mbele. "Mara ya kwanza walizunguka nusu siku wakitafuta miti yao. Nikaona niwasaidie."

Nikatoka nje ya duara. Hatua ishirini, kisiki. Hatua thelathini, visiki vitatu na majivu ya tanuri la mkaa. Mbele yake jua linapiga ardhi yote, hakuna kivuli. Visiki nilivitarajia. Kilichonishangaza ni vilipokomea. Mkataji alikata, akakata, akaukaribia mkanda wa kwanza mwekundu, akaacha.

"Kipriani, njoo. Huyu kwa nini aliishia hapa?"

Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Umesahau barabara, shemeji? Lami ilipokuja, nyumba ikishachorwa alama nyekundu ni ya serikali. Ung'oe bati moja uone. Sasa nani aguse mti wenye rangi?"

"Na usio na rangi?"

Akaangalia visiki, akaangalia mikanda yake.

Lusajo alikuwa amesimama nyuma yetu. "Miti hii haitakiwi kujulikana," alisema taratibu. "Inatakiwa ipatwe na yaleyale yanayoupata msitu wote." Akakaa juu ya kisiki. "Mara ile niliiona rangi. Nilishukuru. Kazi iliisha mapema."

"Basi andika."

"Fomu inauliza ya ndani ya duara, mzee. Nikiongeza ya nje peke yangu, wataniambia nimekosea. Lakini kijiji kikihesabu visiki, mkutano ukaandika muhtasari na watu wakasaini, hiyo naiambatisha kwa jina langu. Hawawezi kusema nimeitunga. Taarifa inaondoka Ijumaa."

"Na mimi watanifunga," Kipriani akasema. "Mimi niliyewasaidia!"

"Hawafungi mtu kwa kopo la rangi. Muogope mkeo," nikamjibu.

Jioni Kipriani alimweleza Pelagia mwenyewe, mbele yangu, bila kuficha hata kidogo. Dada yangu akamgeukia mumewe.

"Siku zote nilidhani ni miti inayokunywa maji yangu, kumbe ni ile iliyokatwa. Haya, hivyo visiki, nani atakuja kuvihesabu?"

Kipriani akaniangalia. Nami nikawafikiria ninyi.

Sasa sikiliza. Kama uko Buhigwe au Gwarama, nawe una msitu uliosomewa taarifa nzuri: ingia, ipite miti yenye alama, tazama kilicho nyuma yake. Kama uko hapa kwetu, Alhamisi saa moja asubuhi tunapanga mstari kuanzia kisimani, tupande msituni tukihesabu visiki. Njoo na kalamu. Kama shoka lililokata ni lako, njoo hivyohivyo. Visiki unavijua kuliko sisi. Saini ni saa saba, mbele ya mwenyekiti. Usitume salamu, usiniambie utaangalia nafasi. Nyanyuka sasa hivi, mpitie jirani, mwambie Alhamisi.