Namba Zilizoganda

Kidevu alijua ameharibu pale mshale wa kipanya ulipogoma katikati ya skrini. Akautikisa. Haukusogea.

Hii ilikuwa seva, kompyuta kuu ya hospitali, ile inayofuatilia pumzi za watoto njiti wodini na kupiga king'ora mmoja wao akiacha kupumua. Mashine ya majaribio ilikuwa ikienda polepole, basi Kidevu, kama wafanyavyo mafundi wa programu wakishikwa na haraka, aliingia kwenye seva yenyewe na kufungua humo kihariri chake cha kuandikia programu. Tena kihariri chenye plagini mpya, kiongezi alichokipachika asubuhi hiyo.

Plagini ilikuwa imezaa. Kila faili alilofungua liliwasha kijiprogramu kingine chinichini, nacho kikaita wenzake, na vyote viligombea nguvu ya mashine kama kuku waliomwagiwa mahindi. Aliua kimoja, vikazuka viwili.

"Kaka, mbona jasho?" Kipara, mwenzake wa meza ya pili, alicheka. "Umefukuzwa na mbwa?"

"Seva imekwama."

"Si uizime, uiwashe?"

"Mpaka iamke, watoto wanalindwa na nani? Mpwa wangu yumo mle!"

Kipara akasogeza kiti chake karibu na kibodi. Kidevu akapiga simu wodini.

"Sista, watoto wakoje?"

"Salama salimini, mjomba," nesi alisema. "Namba zote nzuri. Ya mtoto wa dada yako ndiyo imetulia kabisa, haipandi haishuki."

Pumzi ya mtu hai haitulii hivyo.

"Sista, hizo namba zimeganda, ni za zamani! Achana na skrini, waangalie watoto wenyewe!"

"Usinitanie, nina kazi..."

"Waangalie!"

Kule wodini simu iligonga meza. Viatu vikakimbia.

"Futa plagini kwanza," Kidevu alimwambia Kipara, "ndipo uviue hivyo vidudu."

Kipara aliandika. Herufi zilitokea moja moja, kwa kujivuta, kama zinaombwa. Kisha seva ikazinduka, feni yake ikapunguza kelele, na kwenye simu king'ora kikalia.

"Ni nani? Sista! Ni nani?"

Alisikia kiganja kikipiga nyayo ndogo, na sauti ya nesi ikibembeleza na kukaripia: "Pumua, baba. Pumua basi, we mtoto!" Kidevu alibana simu sikioni mpaka likauma.

Kilio kikatoka, chembamba, cha hasira.

"Amerudi," nesi alisema akihema. "Si wenu. Ni wa kitanda cha jirani."

Kidevu alishusha pumzi, na papo hapo akaona haya kwa furaha yake.

"Mama yake kasimama hapa mlangoni," nesi aliendelea, sasa kwa kunong'ona. "Anauliza kwa nini king'ora kimechelewa. Nimwambieje?"

Kipara alitikisa kichwa: usiseme.

"Mwambie aliyefanya hivyo anakuja," Kidevu alisema.

Akainuka. Akamwachia Kipara kibodi, akashika njia ya wodini.