Mluzi Katika Msitu wa Tana

Deeq ndiye aliyetoa wazo la matembezi. Alikuwa amekuja Garissa kutoka Takaba, anakofundisha, kumwona dada yake Khadra. Alimkuta anapika, anafua, anampeleka mwanawe Bilan shuleni, lakini hana neno la ziada kwa mtu yeyote.

"Kesho twende msituni kando ya mto," alimwambia. "Njia ni tambarare, hata mtoto hachoki. Tubebe chai na mahamri, turudi kabla ya magharibi."

"Msitu gani?"

"Ule ule."

Khadra aliendelea kukoroga sufuria. Msitu ule ulipakana na shamba la mumewe, Yakub. Miaka mitatu nyuma, Tana ilipofurika, Yakub aliwatoa mke na mtoto hadi nchi kavu, kisha akarudi kuokoa pampu ya maji. Hakuonekana tena. Wazee walitaka aswaliwe janaza ya ghaibu, kama ilivyo kwa maiti asiyepatikana, lakini Khadra akakataa. Alisema mtu hazikwi kwa kukisia. Hakukaa eda. Mama mkwe wake, Barwaqo wa Habaswein, akawaambia jamaa wasimlazimishe. Baadaye wengine wakaanza kunong'ona kwamba Yakub hakufa, alitoroka, ana mke mwingine mahali. Khadra hakuyaamini maneno hayo, wala hakuweza kuyatoa moyoni.

"Haya, twende," alisema mwishowe, maana Bilan alikuwa amesikia na tayari anatafuta viatu.

Waliingia msituni baada ya adhuhuri. Nje jua lilichoma, lakini chini ya mikuyu kulikuwa na kivuli kizito na harufu ya udongo mbichi. Mto ulipita kushoto kwao, polepole, rangi ya kahawia. Takataka za mafuriko zilikuwa bado zimening'inia kwenye matawi, juu kuliko kichwa cha Deeq: nailoni, mabua, kipande cha mkeka. Tumbili waliruka juu yao na Bilan akacheka. Kwa kitambo Khadra naye alitabasamu.

Bilan alitangulia hatua chache. Kisha akapiga mluzi: mara mbili mfupi, mara moja mrefu unaoshuka mwishoni.

Khadra alisimama. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Huyo wa mbele, hooyo," mtoto alimjibu mama yake. "Anapiga, mimi namjibu."

Mbele hapakuwa na mtu. Deeq alimshika mtoto bega. "Usipige mluzi kando ya mto. Majini hupenda."

Lakini Khadra aliujua mluzi ule. Yakub alilelewa Habaswein akichunga ngamia, na ndivyo wachungaji walivyowapigia wakati wa kunywa maji kisimani. Alipohamia shambani aliendelea kuupiga jioni akirudi nyumbani, ili mkewe ateleke chai. Wakati ule Bilan hakuwa amejua hata kusema.

Tumbili walikuwa wamenyamaza. Katika ukimya huo mluzi ulisikika tena, na safari hii haukutoka kwa mtoto. Ulitoka mbele, ng'ambo ya kona ya njia. Deeq naye aliusikia. Alianza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya chini.

"Turudi, Khadra."

"Rudi na mtoto. Mimi nafika shambani."

Hawakumwacha. Walimfuata, Deeq amembeba Bilan, hadi mahali palipokuwa shamba. Miti ya mathenge ilikuwa imefunika kila kitu kwa miiba yake. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimemega ukingo, na mizizi ya mkuyu mmoja mkubwa ilikuwa imebaki wazi. Kati ya mizizi hiyo pampu ilikuwa imekwama, imejaa kutu na matope, imefungwa kwenye mzizi kwa kamba ya buluu.

Khadra alipiga magoti. Alilitambua fundo, Yakub alifunga hivyo mizigo ya ngamia. Akaivuta kamba kutoka kwenye matope, taratibu, pima baada ya pima. Ncha ya pili ilikuwa na kitanzi cha kutosha kiuno cha mtu. Kitanzi kilikuwa kimekatika.

"Alijifunga nayo," Deeq alisema. "Alijifunga ili arudi."

Khadra aliishika kamba kifuani na kulia kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Deeq alimwacha alie. Bilan alimshika mama yake ushungi, asijue afanye nini kingine.

Alipotulia, Khadra alisema, "Tumswalie."

Walitawadha kwa maji ya chupa, mbali na ukingo, kwa kuhofia mamba. Deeq alisimama mbele, Khadra na mtoto nyuma yake. Takbira nne, kisha salamu. Baada ya dua, Bilan aligeuza kichwa, akasikiliza mtoni kwa muda.

"Amevuka," alisema. "Yuko mbali sana sasa."

Waliondoka bila kufungua chupa ya chai, na Khadra hakugeuka nyuma, ingawa shingo ilimsisimka njia nzima.

Walipofika barabarani simu ilipata mtandao. Khadra alimpigia Barwaqo, akamweleza kuhusu pampu na kamba na swala. Mama yule akapumua kwa nguvu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Nilijua, binti yangu. Ila sikutaka kukutangulia."

"Hooyo, hukuwahi kunihadithia utoto wake."

"Hukuwahi kuniuliza."

"Nakuuliza."

Basi Barwaqo akaanza na siku Yakub alipozaliwa, mwaka wa ukame, maziwa yakiwa ya kuazima. Khadra alitembea huku akisikiliza, simu sikioni, nyuma ya kaka yake. Bilan alikuwa amelala begani kwa mjomba, mdomo wazi.