Kiti cha Msimamizi

Mvuke ulikuwa umeshawalowesha migongo kabla hata jua halijapanda vizuri, na Domo alikuwa ameshaanza maneno yake.

“Jamani, mimi nikifa leo msihangaike na jeneza. Nikunjeni tu mniweke kabatini na mashuka. Kunyooshwa nimeshanyooshwa.”

Wanawake wakacheka bila kuinua macho. Walipiga pasi mashuka ya mahoteli, meupe yote, na chumba hakikuwa na pa kupumulia. Madirisha yalipigiliwa misumari tangu masizi ya barabarani yalipochafua mzigo mzima. Meneja mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo.

Mpole alisimama meza ya mwisho, karibu na kijumba cha vioo cha msimamizi. Ndani mlikuwa na kiti chenye mto, kitupu tangu msimamizi wa zamani aache kazi. Miguu ya Mpole ilikuwa imevimba hata viatu amevikata visigino, anaviburuta kama ndala. Kila alipogeuza shuka, jicho lilimponyoka likaenda kwenye kile kiti.

Wote walijua atakikalia yeye. Wiki iliyopita mwalimu wa semina aliwafundisha habari za akili ya hisia: kuutambua moyo wako, kuusoma wa mwenzako, kutuliza mambo kabla hayajachacha. Anayeijua hiyo, alisema, ndiye anayepanda kazini. Meneja akamnyooshea Mpole kidole mbele ya watu. “Huyu hapa hakufundishwa na mtu, lakini anayo.”

Ni kweli alikuwa nayo. Palipozuka ugomvi, Mpole hakumgombeza mtu. Alianzisha wimbo kwa sauti ya chini, wenzake wakaitikia, pasi zikafuata mapigo, na hasira ikayeyuka bila mtu kujua imeishia wapi.

Siku hiyo pasi ya Mama Kijacho ndiyo iliyoanguka kwanza. Kisha akaanguka yeye, na tumbo lake la miezi saba, sakafuni penye maji.

“Mshikeni kichwa! Kichwa, jamani!”

Walimpepea kwa foronya. Alipofumbua macho, Domo alichomoa waya wa pasi yake ukutani. Wengine nao wakachomoa.

“Mpaka madirisha yafunguliwe,” alisema Domo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Meneja alimwita Mpole nje ya mlango.

“Mama, mashuka haya yasipotoka jioni, hoteli inatuacha. Umenielewa?”

Alikuwa anasugua funguo kwa kidole gumba, kola imelowa jasho. Mpole akaona kwamba naye kuna mtu huko juu anamngoja kwa ukali. Akamwonea huruma, na huruma ile ikamchosha.

“Fungua madirisha, bosi. Watarudi kazini wenyewe.”

“Masizi je? Hapana. Wewe waanzishie wimbo tu. Kesho asubuhi unakaa kwenye kiti kile, nakuahidi hapa hapa.”

“Na Mama Kijacho?”

“Aende kwao. Asirudi. Hapa si wodi.”

Mpole akarudi ndani. Nyuso zote zikamgeukia. Alizisoma moja moja, kama alivyozoea. Domo, kidevu kinamtetemeka. Mwanamke wa meza ya pili ameshaushika waya, anangoja tu apatikane wa kumruhusu auchomeke. Ubeti mmoja ungetosha, Mpole alijua hivyo. Uliwahi kutosha. Siku misumari ilipopigiliwa watu walinuna vilevile, naye akaimba, na nyundo ya meneja ikaingia ndani ya wimbo, ikawa kama ngoma yao. Waliitikia huku wakifungiwa.

Mama Kijacho alikuwa ameegemea mguu wa meza. “Dada,” alinong’ona, “waambie nimepona. Nitapiga pasi. Nimepona kabisa.”

Mpole alifungua kijumba cha vioo. Akakivuta kiti. Magurudumu yakakwama kwenye kizingiti, akavuta tena, mpaka Domo akaja kushika upande wa pili. Wakamkalisha Mama Kijacho, na miguu yake wakaiinua juu ya furushi la mashuka yaliyokwisha kunyooshwa.

“Mashuka ya wateja hayo!” Meneja alikuwa mlangoni. “Na hicho kiti, nani kakuruhusu kukitoa?”

“Bosi,” Mpole alisema kwa heshima, bila kumtazama, “miguu yake imevimba kuliko yangu.”

“Mama. Nimekuambia nini pale nje?”

“Nimekusikia, bosi.”

“Basi imba.”

Maneno ya wimbo yalikuwa pale pale, tayari kwenye ulimi, akayameza. Mwanamke wa meza ya pili akauachia waya ukaanguka sakafuni.

“Kile kiti kitapata mtu mwingine,” alisema meneja. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Na meza yako pia. Usije kulia.”

“Nyundo iko wapi?” aliuliza Domo, macho kwenye misumari ya madirisha.

Pasi zilikuwa zinapoa juu ya meza, chuma kinalia kidogokidogo. Meneja alisimama akingoja wimbo, na wao wakasimama wakimngoja yeye. Mpole akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, akaendelea kusimama.