Kuizunguka Warsha

Asubuhi ile baba alitaka nimpeleke mtoni mapema. Meli yake ilikuwa inaondoka. Ilikuwa imeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na boti ya kuivuta ilikuwa imeshafika kwenye gati letu la Sherikat.

Meli hiyo ilikuwa karakana inayoelea. Sisi tuliiita Warsha. Haikuwahi kupigana wala kubeba abiria. Boti za askari wa mtoni zilipoharibika, ilizifuata, ikazifunga ubavuni mwake na kuzitengeneza. Baba yangu, Cirillo, alikuwa mchomeleaji humo. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia, kisha nikalala juu ya kamba zilizonuka dizeli, nyundo zikigonga chini yangu. Sijalala vizuri vile tena.

Boti ikishapona haikuondoka hivi hivi. Iliizunguka Warsha mara moja, taratibu, na mafundi wakasimama kwenye sitaha, mikono myeusi kwa grisi, wakiitania na kuitukana kwa furaha. Hiyo ndiyo ilikuwa asante.

"Leo nani ataizunguka?" baba aliuliza. Miguu yake haimbebi tena, kwa hiyo nilimkalisha ukingoni, juu ya ndoo. "Mwambie nahodha wa boti, biniya," alisema, akiniita msichana kama zamani.

Mimi kusema na wageni hunishinda hata sokoni. Nilishuka hadi ilipoegeshwa ile boti ya kuvuta, nikasimama. Nahodha, Mganda aitwaye Lubega, alikuwa anakunjua waya wa kuvutia.

"Dada, unauza chai?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi toka hapo, waya itakata wewe miguu."

Nikageuka kuondoka. Juu kule baba alikuwa amevua kofia, anangoja.

"Izunguke!" nilipiga kelele. "Kabla hujaifunga. Mara moja tu. Baba yangu alifanya kazi humo."

Lubega akacheka. "Kumbe iko na sauti! Na mafuta nani atalipa?"

Nilimwonyesha baba kwa kidole. Sikuondoka.

Alimtazama mzee, akatema mate majini, akaweka waya chini. "Moja tu. Halafu lete hiyo chai."

Boti iliizunguka Warsha polepole, ikapita kutu yake na madirisha yake matupu, ikapiga honi ambayo hakuna aliyeiomba. Nilirudi mbio kwa baba. Kidevu chake kilikuwa kimelowa.

"Amezunguka kinyume," alisema. "Zamani walianzia upande wa kichwa."

"Nimwambie arudie?"

"Wacha. Warsha ilizoea wajinga."

Akainua mkono, akaanza kumtukana Lubega kwa sauti yake yote.