Nadhiri ya Sheikh Abasi

Kwa jina la Mola aliyetupa mwili uwe amana kwetu naanza, na rehema zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata.

Niwapange wahusika. Wa kwanza ni Sheikh Abasi bin Pazi, Mluguru wa milimani, imamu wa msikiti wetu wa Mafiga. Anafuata mkewe, Bi Tausi, kisha mtani wake Dominiko, Mpogoro na Mkatoliki. Wa mwisho ni Daktari Laurenti wa hospitali binafsi, mojawapo ya zile zilizofunguliwa mjini serikali iliporuhusu tena watu binafsi kutoa tiba.

Tezi dume ilipomziba, Sheikh alitiwa mpira wa mkojo na mfuko wake, akajiondoa mihirabuni. Tulimwambia kwamba mwenye udhuru haondolewi. Akajibu kuwa hawezi kuwasimamisha watu nyuma ya mtu asiye na hakika na twahara yake. Mimi, mwanafunzi wake, nikawekwa mahali pake. Kila alfajiri alikaa barazani kwake, ng'ambo ya njia, akizifuatisha kwa midomo sura alizonifundisha mwenyewe. Bi Tausi aliniambia kuwa nikimaliza kusoma, mumewe hulia bila sauti.

Ndipo Daktari Laurenti akaazima Dar es Salaam mashine mpya: bomba jembamba lenye taa, lipitalo njia ya mkojo, na waya wa umeme ukwanguao tezi bila kupasua tumbo. Hapa mjini hakukuwa na aliyewahi kufanyiwa hivyo. Sheikh akakubali kuwa wa kwanza.

Aliambiwa asile wala asinywe tangu alfajiri. Naye, kwa mazoea ya umri wake wote, akanuia saumu, tena akaiwekea nadhiri ya kuitimiza mpaka magharibi. Muuguzi alipoleta dripu, akauficha mkono chini ya shuka.

"Nimefunga. Maji hayo yatanifunguza."

Daktari akamsihi: umeme wa mgawo ungekatwa adhuhuri, na kesho yake mashine ingerudishwa kwa wenyewe.

Dominiko akapiga kofi paja lake. "Mluguru wewe! Umeambiwa usile kwa ajili ya upasuaji, umejitangazia Ramadhani peke yako? Hata mwezi hujauona!"

"Nyamaza, Mpogoro. Wewe Kwaresima yenyewe unaipitisha kilabuni."

"Naipitisha, na Padre anajua! Lakini ukifa leo, mtani, nalala kaburini mwako, kwa ada ya utani, mpaka wanipe kanzu zako zote."

Wodi nzima ikacheka. Bi Tausi hakucheka.

"Mume wangu, mgonjwa hufungua, akalipa siku nyingine. Nani alinifundisha?"

"Ni mimi."

"Basi waogopa nini?"

"Naogopa kuvunja ahadi niliyompa Mola, kisha nisirudi mihirabuni. Nikose vyote viwili."

"Mola anakijua unachokitamani. Toa mkono, baba."

Akautoa.

Umeme ulipokatika, alikwishatolewa chumba cha upasuaji. Mpira nao ukaondolewa, akapona, akailipa saumu yake. Ijumaa aliyorudi mbele yetu, aliinua mikono akaishusha, akaiinua tena ndipo akatoa takbiri; safu zote zilimngoja.

Miaka imepita. Maradhi mengine yamemchukua, nami ndiye nisomaye tena pale. Nikishatoa salamu hugeuka kuwatazama watu, na macho yangu bado yanamtafuta.

Ewe Mola, mtulize Bi Tausi katika upweke wake, mpe Dominiko kicheko chake, ithibitishe mikono ya daktari, na sisi tuliobaki safuni utujaalie kuitamani sala kama alivyoitamani yeye. Amina.